Nani Aliachia Chuma?

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja ya mtaa wa Bwiza, nimempeleka mama yangu mwenye malaria, wanaume watatu walipoingia. Wa katikati, fundi magari wa Buyenzi, alikuwa amekumbatia bega lake la kushoto, jasho likimtoka.

Muuguzi wa dirishani hakuinua macho. "Risasi ao grenade?"

"Apana, mama. Ni chuma ya jimu, ya kunyanyua."

Muuguzi akamtazama. Nyuma yangu mtu alicheka.

Mwenye jimu, yaani ukumbi wa mazoezi, mzee wa kanzu, akawahi kujitetea. "Mi niliandika kwa ukuta: mwenye kuumia, ni shauri yake."

Wa tatu ni rafiki aliyekuwa amesimama upande wa kichwa cha mwenzake, aliyelala kwenye benchi, ili amsaidie kupokea chuma. Alikuwa akitazama viatu vyake. "Walipiga mabunduki kule mulimani," alisema. "Wote tukalala chini."

"Mi nilikuwa nimelala tayari," majeruhi akamjibu polepole, "na chuma juu yangu."

Rafiki akavua kofia. "Ni kweli. Ulinipa nishike, nikaachia. Ni mi nimekuvunja."

Mwenye jimu alimvuta shati anyamaze, lakini maneno yalishatoka. Majeruhi alimkazia macho rafiki yake, halafu akamnyooshea mkono wake ulio mzima. "Basi nishike sasa, nikae."

Tangu vita vianze nimeona majeruhi wengi wakifika kwenye dirisha lile. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona ameletwa na mtu aliyemuumiza.