Alama ya buluu ya Mama Zaina

Kosa ni langu mwenyewe, sitasingizia mutu. Nauza vikwembe, vitambaa vya wamama vya kujifunga, hapa Kasongo, na ukurasa wangu kwenye mutandao uliitwa Mama Zaina, kwani tangu nizae Zaina hakuna mutu ananiita namna ingine.

Nikatamani ile alama ya buluu ya kuonyesha kama muuzaji ni wa kweli. Wenye mutandao walitaka bei ya kikwembe kizuri kila mwezi, nikalipa. Wakataka picha ya uso, kushoto na kuume. Nikageuka kama bibi harusi. Wakataka karte ya kura, tena jina ya ukurasa ifanane na ya karte. Nikakubali haraka, bila kufikiri.

Alama ikatokea, pembeni ya jina yangu ya karte, Mwajuma Ramazani. Nikajisifu. Lakini wateja wakaacha kununua. Nikiwaandikia "Ni mimi," wananijibu "Mwizi!"

Juzi akafika Mama Furaha, mteja wangu wa Kabambare, vumbi ya pikipiki mpaka kwenye kope.

"Mama Zaina, pole! Kuko mwanamuke mumoja, Mwajuma, ameiba ukurasa wako na picha zako zote. Lakini usiogope, wamama wote wa Kabambare na wa Wamaza tumemushitaki kule kwenye mutandao. Angalia simu, wameufunga!"

Nikaangalia. Ukurasa haupo tena. Yeye alikuwa anatabasamu, anangojea aksanti. Nikamupa karte yangu.

Akaisoma, akaniangalia uso, akaisoma tena.

"Ee Mungu," akasema polepole. "Na vile tulikulaani!"