Kivuli cha Dirisha la Magharibi

Siku ile nyumbani tulikuwa watu sita. Alikuwepo Shangazi Kamila, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameteremka kutoka Mahenge. Alikuwepo Baba Mdogo Ludoviko wa Michenga. Alikuwepo Mzee Athumani, mvuvi na jirani yetu, ambaye hakuitwa na mtu. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Benedikti wa miaka tisa na Fidelisi ambaye alikuwa hajatimiza minne. Na mimi, Yustina, mtoto wa kwanza. Nawataja wote kwa sababu tuliobaki ni mimi na Fidelisi tu, na yeye hakumbuki kitu, maana ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Nimesahau mengi ya miaka ile ya hamsini. Lakini nikipita mahali palipoanikwa matete ya kuvulia, harufu yake ya samaki na tope linalokauka hunirudisha moja kwa moja kwenye ukuta wetu wa magharibi, nikiwa nimesimama juu ya kinu kilichofudikizwa, kamba mdomoni.

Nyumba yetu ilikuwa Lumemo, karibu na mto. Ilikuwa ya miti na udongo kama za wengine, ila baba, aliyefanya kazi kwenye pantoni, aliiezeka bati. Majirani walituita watu wa bati, na baba hakulichukia jina hilo. Kisha akatoboa dirisha kubwa upande wa machweo, ili akiketi kula aione milima. Mama alimwambia milima hailiki. Baba akasema, "Lakini inateremsha ugali."

Miezi ya mvua dirisha lile lilikuwa raha. Kiangazi lilikuwa mdomo wa tanuri. Kuanzia saa nane mchana jua liliingia likatandika sakafu yote, na bati juu likawa linalia, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti. Ubaya ni kwamba hata upepo, huo mdogo uliokuwepo, ulitoka upande uleule. Jua na upepo vilikuwa wageni wawili wa mlango mmoja. Ukimfungia huyu, na yule umemfungia.

Baba alichukuliwa na maji mwaka ambao mto ulifurika. Mama alimfuata kabla mpunga haujavunwa. Niliacha shule darasa la tatu, nikashika jembe. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ukoo ulikwisha kutugawa: Benedikti aende Michenga kwa Baba Mdogo, akafukuze ndege mashambani, Fidelisi apande Mahenge na shangazi, mimi nipelekwe Uchindile kwa mama mkubwa. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Walifanya kama watu wanavyogawana mzigo ili mmoja asivunjike mgongo. Waliahirisha tu mpaka mvua zipite. Mimi nilikuwa nimemwahidi mama kwamba sisi watatu tutalala chini ya paa moja, na sikujua njia nyingine ya kuishi ila kushika neno hilo.

Hapo katikati Fidelisi akapata surua.

Shangazi alipopata habari alikuja. Wazee husema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa kweli alituletea maharage na viazi vya mlimani. Lakini kabla hajatua mzigo vizuri alikuwa ameshaziba dirisha kwa magunia mawili.

"Mtoto wa surua haoni jua," alisema. "Mnataka awe kipofu?"

Hatukumbishia. Sote tulijua hivyo, na macho ya Fidelisi yenyewe yalikuwa yakichuruzika machozi kila mlango ulipofunguliwa. Lakini chini ya bati lile, bila upepo, mtoto alihema kama kuku aliyefungwa kapuni. Shangazi alimpepea kwa ungo siku mbili, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto. Ijumaa jioni aliutupa ungo chini.

"Hii si nyumba, ni tanuri la matofali. Jumapili Ludoviko akija, namuaga. Upele ukianza tu kukauka, huyu napanda naye. Kwangu kuna ubaridi."

Nilielewa maana yake. Fidelisi akishavuka mto, Benedikti angefuata njia yake na mimi yangu. Mgawanyo uliosubiri mvua ungeanza wiki ile.

Jumamosi alfajiri nilichukua mkeka wetu wa kulalia, nikauning'iniza nje ya dirisha, nikatoa magunia. Giza lilipatikana, upepo haukupita. Nikauinua upande wa chini kwa miti miwili, ukawa kama paa dogo. Sasa upepo ulipita chini yake, na mpaka saa nane nilijiona fundi. Kufika saa tisa na nusu jua lilikuwa limeinama, likachungulia chini ya mkeka, likamkuta Fidelisi usoni. Alipiga ukelele. Shangazi alirudisha magunia.

Nilikaa ukutani nikiwaza. Jua halikai mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimejenga kivuli cha saa nane, na mtoto alihitaji cha saa nane, cha saa tisa na cha saa kumi. Nikakata miti ya kuegemeza ya urefu wa namna tatu, mirefu, ya kati na mifupi, ili jua likishuka nami nishushe mkeka. Ilifanya kazi mara moja tu. Upepo ulivuma, mkeka ukapepea kama bawa la kunguru, mti mmoja ukachomoka ukampiga Benedikti kichwani.

"Dada, unataka tupungue wenyewe kabla hatujagawanywa?" alisema, akijipapasa.

Mzee Athumani alikuwa akipita na mzigo wa samaki. Akasimama kututazama.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Unavua nini dirishani?"

Nikamweleza. Alisikiliza, akazunguka nyuma ya mkeka, akaupiga kwa kiganja. "Huu umeshonwa kuzuia kila kitu. Mimi nikizuia mto namna hii, mto unanivunjia. Samaki namzuia, maji nayaachia yapite."

Nyumbani kwake kulikuwa na uzio wa kuvulia, matete yaliyofungwa kwa kamba yakiachana upana wa kidole, ambao huwekwa kukata kijito. Ulikuwa wa zamani, lakini hakuwa ameacha kuutumia. Tuliubeba mimi na Benedikti, ukinuka kambare.

"Ila jua si samaki," alisema, akicheka. "Huyo anapenya hata tundu la sindano."

Kwa hilo alikuwa sahihi. Mwanga uliingia kwa mistari, ukamchora Fidelisi kama punda milia. Nikaukata uzio katikati kwa panga, mzee akitazama na kumeza mate, nikaweka vipande viwili kimoja juu ya kingine, matete ya hiki yakiziba mianya ya kile, na kati yake nafasi ya vidole viwili kwa vipande vya mianzi. Upepo uliingia mwanya huu, ukageuka, ukatokea mwanya ule. Jua halijui kugeuka. Kitu hicho chote nilikifunga juu kwenye boriti kwa vitanzi vya kamba ili kiinuke na kushuka kama kope. Badala ya miti ya urefu tofauti nikachukua miwili mizito na kuichonga meno, moja kwa kila saa. Ukingo wake wa chini ulikaa kwenye jino, na kamba ya chini ikauvuta kuelekea kigingi ili upepo usiuinue. Hatukuwa na jina la kitu hicho. Tulikiita kivuli.

Jumapili baada ya misa Baba Mdogo alifika, na shangazi akasema kama alivyokuwa amesema. Nikawaomba wangoje mchana upite.

"Tungojee matete?" aliuliza Baba Mdogo.

"Nitangoja mimi," alisema shangazi. "Nitalala humo ndani na mtoto, saa nane mpaka saa kumi na moja. Nikitokwa jasho kama jana, tusilaumiane."

Aliingia, akajinyoosha mkekani kando ya Fidelisi. Mzee Athumani akaketi kwenye gogo nje, akisema amekuja kutazama uzio wake. Mimi nikasimama juu ya kinu. Jua liliposogea, nikashusha jino la kwanza. Fidelisi hakulia. Nikashusha la pili. Benedikti alishika kamba ya chini. Hapo ikasikika sauti ya kukoroma, nzito, yenye filimbi mwishoni.

Baba Mdogo alichungulia mlangoni, akarudi akijifunika mdomo. "Hakimu kalala, kesi haijaisha!"

"Msimwamshe," alisema Mzee Athumani. "Mahakama ikilala, mshitakiwa anakula chakula chake."

Kweli, baada ya kitambo tulimsikia Fidelisi akiomba uji, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nne. Shangazi akaamka kwa kishindo.

"Nimelala?"

"Umelala, dada. Mpaka barabarani wamesikia."

Alitoka nje polepole. Gauni lake lilikuwa limeloa mgongoni, nikadhani amelalia kitambaa cha maji cha Fidelisi. Alikitazama kivuli juu na chini, akagusa meno ya miti, akajaribu kukishusha na kukipandisha mwenyewe.

"Basi nyumba inalalika," alisema. "Ludoviko, mtoto abaki. Na hawa wabaki naye, nani atayashusha haya majani? Tutaongea baada ya mavuno."

Baada ya mavuno hakuna aliyeanzisha mazungumzo hayo. Wala mwaka uliofuata.

Asubuhi aliyoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Akaniambia, "Na mimi utanitengenezea kama kile. Dirisha langu linanitesa. Usidhani nitasahau." Nikasema ndiyo, shangazi. Nilijivuna siku nzima.

Lakini palikuwa na mpunga wa kupanda, kisha wa kuvuna, kisha Benedikti akaanza shule, na baadaye Fidelisi. Kila aliyeshuka kutoka Mahenge aliniletea salamu: shangazi anauliza kivuli chake. Nami nilijibu kiangazi kijacho. Vilipita viangazi vingi. Siku niliyopanda kweli, nilipanda kwa kuitikia msiba wake, na kwa kuwa mto ulikuwa umejaa, nilifika nimechelewa siku mbili, kaburi limekwisha kufunikwa.

Nilikaa kwake hadi siku ya tatu. Asubuhi moja nilitoka nje na kamba kupima dirisha lake, maana ahadi ni ahadi hata kama mwenyewe hayupo. Ilikuwa saa nne, na ukungu ulikuwa bado umelala bustanini. Dirisha lilikuwa dogo kama ungo, limetazama kilima, na migomba mbele yake. Binti yake alitoka akiwa amejifunga mablanketi mawili.

"Dada, unapima nini?"

"Kivuli alichoniagiza mama yako. Cha kuzuia jua."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa msiba. "Huku kwetu jua tunalitafuta, dada. Hatulizuii."

Nikamsimulia habari ya mchana ule wa Lumemo, jinsi mama yake alivyokoroma. Akatikisa kichwa. "Si mama. Mama hakuwahi kulala mchana, hata akiumwa. Na baba alikuwa akisema amelala miaka thelathini na mwanamke asiyekuwa na sauti usingizini."

Nikalikumbuka gauni lile lililoloa mgongoni. Nilimaliza kupima, upana na urefu, nikafunga fundo kila mahali palipoishia kipimo. Kamba ile nilirudi nayo. Iko sandukuni pamoja na vyeti vya wadogo zangu, na kivuli cha shangazi bado sijakitengeneza.