Spika Zilizonuniana

Mama mkwe wangu hapiki bila muziki, na muziki wenyewe hutoka kwenye spika mbili za mbao zinazonifika kifuani. Zimesimama sebuleni, moja kila upande wa televisheni, kama walinzi. Zamani baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akizikodisha kwenye sherehe, na mpaka leo mtaa unamkumbuka kama fundi wa muziki. Ukimsifia hivyo mbele ya mama, hakupingi kwa kelele. Anaendelea kuchambua mchele wake huku akisema, "Alikuwa anabeba. Miaka ishirini na mbili yeye anabeba, mimi nafunga waya."

Nilipoolewa nilidhani ni utani wa wajane.

Jumamosi moja asubuhi shemeji yangu, mwanawe mkubwa, alikuja na mashine mpya ya gemu ili wapwa zake wakija likizo wapate cha kuchezea. Alifuatana na fundi mmoja kijana tunayemwita Injinia kwa sababu ya begi lake lenye zipu nyingi. Kwapani shemeji kabana spika mpya, moja tu, nyembamba na ndefu kama rula ya mwalimu. Nyuma yao akaja mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, akakaa kwenye kivuli cha ukuta.

"Yule anasubiri nini?" mama akauliza.

"Hizi spika, mama." Shemeji alikuwa ameshaanza kuchomoa waya zake. "Zimekula sebule yote. Na hii gemu ya kisasa haielewani nazo. Muulize Injinia."

Injinia akaigeuza ile mashine ili mama aone mgongo wake. "Tazama, bibi. Lile tundu jekundu halipo, jeupe halipo. Kuna la umeme, la intaneti, na hili bapa la kwenda kwenye televisheni. Spika zako zitaingilia wapi?"

"Mimi ni bibi wa huyo aliyelala mgongoni kwa mama yake," mama akasema, akimwonyesha mwanangu kwa kidevu. "Wewe niite mama."

"Samahani, mama."

"Sasa nisikilizeni. Zikiimba, huyo wa nje anaondoka na mkokoteni mtupu. Zisipoimba, nitazisukuma mwenyewe mpaka mlangoni na hamtanisikia nikizitaja tena."

Shemeji akacheka. "Mama, usibishane na teknolojia."

"Sibishani na teknolojia. Nabishana na wewe."

Nilisimama karibu na mlango wa jikoni nikimbembeleza mtoto, nikaona anavyokunja mikono ya gauni. Mama akikunja mikono hivyo, sufuria linaweza kuungua na asijue.

"Picha inapita kwenye huu waya bapa," akamwambia Injinia. "Na sauti je?"

"Humo humo."

"Kwa hiyo sauti imeshafika kwenye televisheni."

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini ya nini? Kwa nini niifuate kwenye mashine wakati imeshakuja mwenyewe? Nitaipokea huku."

Akachuchumaa nyuma ya televisheni, akaipapasa mgongo wote kama mtu anayemtafuta mtoto chawa. Mwishowe kidole chake kikasimama kwenye kitundu kidogo cha mviringo, kile cha kuchomekea visikilizio vya masikioni. Kwenye kopo la biskuti akatoa waya ambao ncha moja ina kichwa chembamba, na ncha ya pili inagawanyika kuwa vichwa viwili, chekundu na cheupe. Chembamba akakichomeka kwenye televisheni, vile viwili kwenye amplifaya, ile mashine ya zamani ya kukuza sauti iliyokaa chini yake.

"Haya Injinia, usikae kama mgeni. Rudisha waya za spika alizong'oa kaka yako."

Injinia akazirudisha. Tukawasha. Mpira wa gemu ukaanza kwenye kioo, lakini sauti bado ilitoka kwenye televisheni yenyewe. Shemeji akatazama saa. Nikaichukua rimoti. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini picha ya visikilizio naijua. Nikashuka kwenye orodha ya sauti, nikashuka, nikaiona, nikabonyeza.

Televisheni ikanyamaza. Spika zikaanza kusema.

Zilisema, ila vibaya. Mtangazaji alikuwa kama yuko ndani ya pipa, na teke la mpira lilisikika kama mtu anagonga kiberiti mezani.

"Zimezeeka, mama," shemeji akasema, safari hii kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Akafungua mlango kumwita mwenye mkokoteni.

"Kaa chini," mama akasema.

Akaenda kusimama katikati ya sebule, akafumba macho. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akarudi katikati.

"Hazijazeeka. Zimenuniana."

"Zimefanyaje?" Injinia akauliza.

"Moja inasukuma, nyingine inavuta. Kila moja inameza besi ya mwenzake. Vifundo viko wapi?"

Injinia akatazama sakafuni. Kando ya mkasi wake kulikuwa na vipande viwili vya waya, kila kimoja na fundo dogo. "Nilivikata. Nilidhani ni uchafu."

Vile vifundo hata mimi niliwahi kuvifungua nusu nikifuta vumbi, nikagombezwa siku nzima bila kuelezwa sababu. Sasa nikaelewa. Waya zote zilikuwa nyeusi tupu, na mama alifunga fundo kwenye ule unaoingia tundu jekundu la spika, ili kwenye haraka za sherehe hata mbebaji asikosee.

Akazima amplifaya, akachomoa waya mbili za spika ya kushoto, akazibadilisha nafasi. Akawasha.

Ngoma za mashabiki zikatembea sakafuni mpaka kwenye nyayo zangu. Vikombe vikagongana kabatini. Mwanangu alishtuka mgongoni, kisha akakilaza kichwa tena. Injinia akajikuta anacheka peke yake.

Shemeji akasimama pale na spika yake kwapani. "Haya, mama. Nimekubali zikae."

"Sikukuomba ukubali," mama akasema. "Na hiyo rula yako, kama hujui pa kuiweka, mpe mwenye mkokoteni. Asiondoke mikono mitupu."

Akazima tena, akaninyooshea ncha ya waya. "Funga fundo hapa."

Nikafunga.

"Kaza. Na wakiuliza nani alifunga, usiwaambie ni baba mkwe wako."