Kabati la Vitenge

Shefu aliponiuliza kama naweza kuondoa kadi kwenye kabati la chuma ili vitenge vya wachezaji wa chama vipate pa kukaa, nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Hata leo, Shefu." Siku hizo kila ofisi ya kampuni ya shaba ilikuwa na kundi la kuimba na kucheza kumsifu kiongozi wa nchi. Mimi, mwenye miguu inayojikwaa hata kwenye sakafu tupu, nilitamani safu ya mbele. Niliipata.

Kadi hazikuwa zangu. Zilikuwa za rafiki yangu, Mkasai, mtu wa jimbo la Kasai, tuliyefanya naye kazi kwenye chumba cha kompyuta, ambaye alikuwa likizo kwao. Katika matundu ya kadi hizo za karatasi ngumu, yaliyosomwa na mashine, alikuwa ameandika maktaba yake: programu ndogo ndogo ambazo programu zetu kubwa ziliziita ili kujua mfanyakazi ana watoto wangapi na apewe unga kiasi gani. Maktaba hiyo ilikuwa pia kwenye utepe wa kompyuta, imeshatafsiriwa katika namba za mashine. Nikajiambia: chakula kikishaiva, kuni za nini? Kadi nikampa mama muuza karanga sokoni afungie karanga zake, naye akanibariki.

Na rafiki huyohuyo ndiye aliyekwenda kunisemea kwa wazee wake. Nilitaka kumwoa dada yake, nao hawakutaka mkwe asiye wa kwao. "We nyamaza tu," aliniambia kwenye kituo cha treni. "Mi mwenyewe nitabaambia: huyu muntu, mutima yake naijua."

Kabla hajarudi, likaletwa toleo jipya la lugha tuliyoandikia programu. Tulipoliweka, mashine ikakataa kutoa orodha ya unga: maktaba ilitengenezwa kwa toleo la zamani, haiwezi kupakiwa. Dawa yake kila mtu aliijua. Unachukua kadi, unazipitisha upya, na toleo jipya linaitafsiri maktaba tena. Wote wakanitazama. Mimi nikatazama kabati. Lilijaa vitenge.

Nikafanya ujanja. Mwanzoni mwa maktaba kwenye utepe kuna alama ya toleo. Nikaibadilisha, na maktaba kuukuu ikapewa jina jipya, kama sisi wenyewe tulivyolazimishwa na serikali kuchukua majina mapya enzi hizo. Mashine ikakubali. Nikapigiwa makofi, nikainama kidogo. Lakini toleo jipya lilipanga namba kwa namna yake, na orodha ilipotoka, baba wa watoto tisa hakuwa na hata kikombe cha unga, na mlinzi wa lango, kapera, alikuwa na unga wa watoto arobaini.

"Sitwayeni," Shefu akaniuliza, yaani "raia", kama tulivyoamriwa kuitana, "huyu mulinzi analindaka saa ngapi?"

Nikakimbilia sokoni. Kadi zilikuwa zimekunjwa kama pembe, zimejaa karanga za kukaanga.

"Papa, unataka karanga ao unataka karatasi?"

"Karatasi, Mama."

"Basi kula kwanza, utoshe karanga yangu ndani."

Ili kuzitoa karanga kwenye kadi, nilikula mpaka nikashindwa kupumua. Nikarudi na kadi chache zenye mafuta, na mashine ya kusomea ikazitafuna kama nilivyotafuna karanga.

Rafiki yangu alishuka treni akaja ofisini kabla ya kufika nyumbani, anacheka. Wazee walikuwa wamekubali. Akanikumbatia, akaniita shemeji mbele ya watu, kisha akafungua kabati.

"Kadi yangu iko wapi?"

Nikamweleza yote. Akatoa kitenge kimoja, akakikunjua, akautazama uso wa kiongozi uliochapwa hapo, akakikunja tena vizuri.

"Ulitoa kazi yangu juu ya kucheza?" Akafunga mlango wa kabati. "Na kucheza kwenyewe haujue."

Akaketi kuandika maktaba upya kutoka kichwani, kwa sababu watu walisubiri unga. Nilijitolea kumtobolea kadi. Akaivuta mashine ya kutobolea upande wake. Alipomaliza aliwaandikia wazee kwamba kuhusu mutima yangu alikuwa amekosea.

Dada yake aliolewa na fundi wa mji wa Kipushi. Mimi nilicheza safu ya mbele mpaka vitenge vikapauka, na sikuoa. Kwa nafasi ya kabati moja nilimpoteza mwanamke niliyempenda, pamoja na mtu pekee aliyekuwa tayari kuapa kwamba mimi ni mtu mwema.