Mlima Uliozama Ziwani

Afra alikuwa mkausha samaki wa kisiwani kwetu, katika Ziwa Chiem: mjane mwenye mikono iliyonuka moshi hata siku ya kanisa. Kila kiangazi wachoraji wa Munich walivuka kuja kulichora ziwa, na mmoja wao, Ottmar, kapera mpole, alipanga chumba kwake.

"Bwana Ottmar," Afra alikuwa akimtania, "ziwa ni lilelile. Mwaka jana hukulimaliza?"

"Nililimaliza, Bi Afra. Nilipogeuza kisogo tu, likabadilika."

Kiangazi kimoja Ottmar alikuja akipapasa kuta. Hakumwambia mtu. Lakini asubuhi moja Afra alimwona akivua kofia na kuliamkia pipa la chumvi kwa heshima zote, akidhani ni padri. Afra akarudi jikoni kimya, asije akamwaibisha.

Ikaja siku ambayo upepo ulikufa kabisa. Ottmar alikaa gatini, karatasi magotini, penseli mkononi, wala hachori. Afra akatoka kwenye moshi wake.

"Mbona umekaa tu?"

"Juu naona weupe, chini weupe. Mwaka huu nimekuja kuaga, Bi Afra."

Afra hakuwa mtu wa machozi. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Haya, shika penseli. Maji yametulia kama maziwa bakulini. Kushoto kwako matete. Kule mbali mashua moja, ya Korbinian. Anajifanya anavua, kumbe amelala."

"Mdomo wazi?"

"Wazi! Nzi wanaingia na kutoka kama nyumbani kwao."

Ottmar akacheka, na mkono ukaanza kutembea. Matete yakatokea, mashua ikatokea. Alipofika kuchora milima ya ng'ambo, Afra akapiga kelele.

"Ngoja, ngoja! Mlima umeuzamisha, bwana wee! Umeuweka chini ya mashua!"

"Uache. Siku kama hii mlima huwa majini pia."

Afra akatazama. Kweli ulikuwamo, kichwa chini, pamoja na theluji yake. Maisha yake yote alilitazama ziwa kutafuta samaki na kupima upepo, basi. Alikaa pale mpaka samaki wakaungua.

Majani yalipoanza kupukutika, wachoraji wakaondoka. Afra akamkuta Ottmar mlangoni na sanduku lake.

"Huko Munich nani atakuonyesha sahani ilipo?"

"Hakuna."

"Basi rudisha sanduku ndani."

"Na watu wakisema?"

"Waseme. Midomo ni yao."

Walioana kabla ziwa halijaganda, na waliishi pamoja miaka mingi. Kila nilipopita pale kununua samaki, niliwakuta gatini wakibishana, bwana na karatasi yake, bibi na ndoo yake.

"Niwekee wingu dogo tu, Afra."

"Leo hakuna wingu. Sitakudanganya."

"Dogo tu!"

"Hakuna, mzee. Chora."

Naye akachora.