Mche wa Makambako

Mpaka leo nikisikia harufu ya debe lenye kutu lililolowa mvua, moyo hunidunda. Msinicheke, sikilizeni kwanza.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Yakobi, na mipichi ya baba ilikuwa inakufa mmoja mmoja. Bwana shamba aling'oa mmoja akatuonyesha mizizi: vinundu tele. Alisema ni minyoo ya udongoni, midogo hata jicho haliioni. Dawa ni kupata mpichi wa kienyeji ambao minyoo haiuwezi, kisha kuubebesha kikonyo, yaani kijitawi kilichokatwa kwenye mpichi wetu mtamu, viungane viwe mti mmoja. Baba akatafuta mbegu huku na huku, akaotesha miche mitano kwenye madebe aliyoyajaza udongo ule ule mgonjwa. Utakaobaki na mizizi safi, huo ndio mkombozi wetu.

Mimi, binti wa mkulima, niliona ni ukatili. Nani humpa mche udongo mbaya makusudi? Tena mbegu ya mche mmoja ilitoka kwa bibi yangu aliyekaa Makambako, nami nilitaka mche huo ushinde. Jamani, nilikuwa na kiherehere! Jumapili moja wenzangu wakiwa kanisani, nilijidai naumwa, nikaumwaga udongo wake, nikaujazia mweusi wa bondeni.

Siku ya kung'oa, majirani walijaa uani. Wa kwanza, vinundu. Wa pili, vinundu. Wa tatu na wa nne, vinundu vile vile. Wa Makambako ukatoka safi kabisa. Mama akapiga vigelegele.

"Makambako imetuokoa!" baba alipaza sauti, akawaahidi majirani wote miche. Baba mdogo akasema kesho yake anachimba mashimo.

Nikinyamaza, watapanda wote, na yote itakufa. Mama alizoea kutuambia msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hakutuambia kama mpenzi wa Mungu huchapwa au hachapwi. Nikamvuta baba koti.

"Baba, ule nilibadilisha udongo."

Nilingoja kofi, halikuja. Baba alichota udongo mgonjwa kwa viganja vyake, akaupanda tena mche ule taratibu, akaushindilia bila kusema neno. Mvua zilipokwisha tuliung'oa. Vinundu.

Kwa miaka mingi niliamini ukimya ule ulikuwa adhabu yangu, na uliniuma kuliko fimbo. Nilikuja kuelewa nilipopata shamba langu mwenyewe. Baba hakuwa amenikasirikia. Alikuwa anaiaga mipichi yake.