Taa za Lori na Mbao za Mninga

Juzi nilikuwa kwenye basi la Kahama, mvua ikatukuta njiani, dereva akawasha taa mchana kweupe. Wenzangu hawakugeuza hata shingo. Mimi, ndugu yangu, nilikuwa nimesharudi uani kwetu, miaka ile baada ya vita, kwenye harufu ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yakichemka na pamba iliyojaa hadi chini ya vitanda.

Baba alikuwa na lori kuukuu, alilolinunua baada ya kuchimba dhahabu Geita miaka mingi. Huko alitoka na kikohozi. Msimu ule lori liliparamia kichuguu, taa zote mbili zikavunjika, na askari akamwambia asipolileta likiwaka Jumamosi, leseni anaichukua. Bila pamba ya kubeba, baba angerudi mgodini. Yeye hakulitamka. Mama ndiye aliyelitamka, huku anatwanga: "Shimoni harudi mtu wa nyumba hii."

Zikapatikana taa za lori la jeshi lililokufa. Vishikio vya zamani vilikuwa vimeliwa na kutu, basi jirani yetu seremala, wa ukoo wa mama, akachonga vipya vya mninga, akavipaka hata mafuta. Baba akavuta waya kutoka kwenye swichi mpaka kila taa, mimi namshikia koleo. Akawasha. Kimya.

Ijumaa nzima alibadili globu, akabadili waya, akagusisha nyaya za betri mpaka cheche zikaruka. Betri nzima. Taa hazitaki.

"Umetuchongea jeneza la taa," akamwambia seremala.

"Maiti mmeileta wenyewe, shemeji. Mimi nimeipa kitanda tu."

Alasiri baba akaifungua taa moja airudishe ilikotoka. Nadhani alikuwa amechoka, maana swichi aliiacha imewashwa na waya haukuchomolewa. Akailaza juu ya bampa la chuma. Ikawaka. Mama aliinama akaikinga jua kwa kanga ili aamini. Kaka yangu hushikilia kuwa yeye ndiye aliyeona kwanza; mimi nakumbuka mama. Huenda kaka yuko sahihi, nilikuwa mdogo.

Baba akainyanyua, ikazima. Akailaza tena, ikawaka. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe umeme ukishapita kwenye taa hurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, na kwenye mninga haukuwa na njia. Tukakwangua rangi kwenye fremu, tukafunga waya wa pili kutoka mwili wa kila taa hadi kwenye bolti. Vishikio tuliviacha. Havikuwa na kosa, vilikuwa mti tu.

Jumamosi askari alilizunguka lori, akagonga ule mninga kwa kidole, akauliza kama tunauza na vitanda. Akalipitisha.

Mama hakungoja Jumapili. Alishusha ukutani buti za baba za mgodini, akazikata, ngozi akaifanya bawaba za banda la kuku. Baba alimkuta, akatazama kidogo, kisha akamshikia mlango apigilie misumari.

Leo pale pana maduka. Lori liliuzwa kwa vyuma chakavu, seremala na mama wametangulia. Baba naye alifariki, mzee wa mvi, mchana, nyumba imejaa watu, na tangu Jumamosi ile kuchimba alichimba viazi na karanga tu.